Pete ya Katikati

Mimi ni mwoga. Naliweka neno hili mbele ili mtu asije akaniuliza baadaye. Wapo wanaosimulia maisha yao ya ugenini kana kwamba walikuwa simba. Mimi nimekaa Johannesburg miaka kumi na sita, na siku nyingi kati ya hizo nimezikaa roho mkononi. Wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kicheko chenyewe sijakiona sana, lakini nipo, binti yangu yupo, na cherehani yangu inafanya kazi.

Nashonea chumbani, mtaa wa Berea, ghorofa ya nne ya jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla sijalijua. Chumba ni changu na binti yangu wa miaka kumi na minne, mzaliwa wa hapa hapa: ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, na akikasirika anahamia Kizulu ili nisiyapate yote. Nashona magauni ya harusi, majoho ya kwaya, vitenge, sketi za shule. Kitu kimoja tu nilikuwa sishoni, nacho ni nguo ya askari. Hata walinzi wa maduka, na wengi wao ni ndugu zetu Wakongo, walijua kwamba suruali ya kazini ikipasuka usiipeleke kwa yule mama, atakufukuza kama mbwa aliyeingia kanisani.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, Uvira, kwetu Kongo. Watu wenye bunduki walimletea jora la kitambaa cha kijani wakamwambia ashone. Nani angekataa? Akashona, wakachukua nguo zao wakaenda. Siku chache baadaye wakaja wengine, maadui wa wale wa kwanza, wakakuta vipande viwili vya kitambaa kile chini ya meza yake. Walimchukua asubuhi, futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni. Hatukupewa hata mwili wa kuzika. Aliyetafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi tangu siku ile nikiona nguo yenye vifungo vya shaba nilikuwa nahamia upande wa pili wa barabara.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyoingia mtegoni. Tunasali na mama mmoja Mrundi ambaye tumekuwa dada kwa dada kwa miaka mingi. Yeye anamtunza mzee wa Kiingereza, mjane, katika vitongoji vya kaskazini, kwenye nyumba zile zenye nyaya za umeme juu ya ukuta. Analala pale pale, chumba cha nyuma ya gereji. Jumapili moja ya mwezi wa kumi, baada ya ibada, akanishika mkono.

"Dada, nina kazi yako. Koti la mzee wangu. Amekonda, linamning'inia."

"Koti gani?"

Akaangalia viatu vyake. "La kazi yake ya zamani."

"Kazi gani?"

"Ya majini."

"Mvuvi?"

"Afisa, dada. Wa meli. Zile meli za vita za Waingereza."

"Kwa hiyo ni askari."

"Si askari hasa, ni mtu wa meli."

"Na hiyo meli ya vita ilikuwa inabeba nini, mahindi?"

Hakucheka. Akaniambia ameshampa mzee neno lake, kwamba kuna fundi anamwamini kama nafsi yake. Mzee alikuwa ameshawafukuza wafanyakazi wawili kabla yake, mmoja kwa sababu ya kikombe. Jumapili ya pili ya mwezi wa kumi na moja wazee wa majini waliobaki hapa mjini wangekutana kuwakumbuka wenzao waliokufa baharini, na yeye alitaka kulivaa koti lile mara ya mwisho. Likikosekana au likiharibika, dada yangu hana kazi, na asiye na kazi pale hana chumba. Pa kwenda hakuwa napo, nami nilijua. Nikasema sawa.

Niliambiwa saa mbili kamili asubuhi. Eish, na wewe unaijua Johannesburg, Jozi yetu: robot mbili, taa za barabarani, hazikuwaka, taksi iliyojaa abiria ikasimama, nikafika saa mbili na dakika kumi. Sauti ikatoka kwenye kile kidude cha getini: kesho, saa mbili. Hakuna zaidi. Kesho yake nilifika saa moja na nusu, nikasimama chini ya mjakaranda uliokuwa umemwaga maua barabara nzima, na gari la walinzi wa mtaa likanizunguka mara mbili, polepole, kioo kikiwa kimeshushwa. Mara ya pili mlinzi aliniuliza namsubiri nani. Nilisahau hata Kiingereza kidogo nilichonacho. Saa mbili ilipogonga geti likafunguka.

Nilitegemea kuona jitu. Nikakuta mzee wa miaka themanini na kitu, mrefu aliyepinda, ngozi ya shingo imelegea, macho ya bluu yasiyopepesa. Alikuwa ameketi dirishani anaandika kwenye daftari. Dada yangu alininong'oneza kwamba ndivyo anavyofanya kila asubuhi: upepo unatoka wapi, mawingu ya aina gani, joto kiasi gani, na maji yenyewe yaliyopo ni bwawa la kuogelea lisilo na mtu. Nyumba nzima ilikuwa imepangwa kama chombo kinachotarajia kuyumba. Vikombe vilitundikwa kwenye ndoano, vitabu vilizuiwa kwa ubao mbele ya rafu.

Akasimama kupimwa, mkono mmoja mezani. Mimi futi iliniponyoka mara mbili. Koti lilikuwa la bluu iliyokaribia weusi, sufi nzito nzuri, vifungo vinane vya dhahabu vyenye nanga. Kwenye kila mkono, juu kidogo ya pindo, zilizunguka pete tatu za utepe wa dhahabu, na ile ya juu ilikuwa na kitanzi kidogo. Dada yangu alinieleza kwamba pete ndizo cheo: ukiziona, unajua mtu alifika wapi.

"Kila kitu unaweza kugusa," mzee alisema, dada akitafsiri ingawa nilikuwa nimeelewa, "isipokuwa kuanzia hapa kwenda chini." Akaonyesha pete.

"Mkono wenye pete haupunguzwi chini," nikasema. "Unapunguzwa begani."

Akanitazama, na kwa mara ya kwanza nadhani aliniona. Akasema nilete Ijumaa, siku mbili kabla ya sherehe, saa mbili.

Kulibeba lile koti mpaka Berea kulikuwa safari ya mwizi. Nililifunga kwenye shuka, shuka kwenye mfuko, juu yake kabichi mbili. Kila aliyepanda taksi nilimwona anautazama mfuko wangu. Nyumbani nikalitundika ukutani na kulifunika kwa joho la kwaya, na binti yangu akalifunua, akapitisha kidole kwenye dhahabu, akasema, "Eish, mama, ni koti tu." Koti tu! Nikamwambia akiligusa tena nitamkata kidole. Nilishona mabega kwa siku mbili, nikapunguza ubavu na kurudishia bitana, na kazi ilikuwa safi, sijisifu. Jumanne ilikuwa imekwisha kabisa. Ningelipeleka siku ile ile, yote haya yasingetokea. Lakini mzee alisema Ijumaa, na mimi mtu wa kutii.

Jumatano mchana, binti akiwa shule, simu ikaanza kulia. Ujumbe wa sauti, mmoja juu ya mwingine, kwenye kundi la jengo letu. Maandamano yametoka mjini, wanaimba, wana fimbo. Wamefika kona. Wanaingia majengo, mlango kwa mlango, wanataka karatasi za kuishi nchini, wanatafuta wageni. Dada mmoja wa ghorofa ya kwanza alikuwa analia kwenye simu, na nyuma ya kilio chake nilisikia nyimbo. Halafu nikazisikia kwa dirisha langu mwenyewe.

Karatasi zangu zilikuwa sawa, zimebaki miezi mitano. Hilo halikunisaidia. Niligeuka nikaliona lile joho ukutani, na chini yake mikono miwili yenye dhahabu imechungulia. Nilijiona mimi, mgeni, Mkongo, nimekutwa na sare ya jeshi chumbani. Utamwambia nani kwamba ni ya mzee wa Kiingereza? Nani atasubiri umalize sentensi? Baba yangu alikutwa na vipande viwili tu.

Kulificha? Wapi? Chumba kimoja, kitanda kimoja, kabati lisilofungika. Kulitupa dirishani lingewaangukia wao wenyewe. Basi nikafanya kile ambacho fundi peke yake angeweza kukifikiria: nikaamua kulivua uaskari wake libaki koti. Nikachukua kile kisu kidogo cha kufumulia. Vifungo vinane nilivikata haraka haraka, nikavitumbukiza kwenye gunia dogo la maharage. Kisha pete. Utepe ule ulishonwa kwa mkono, mishono midogo midogo, kazi ya mtu mwenye subira. Kuufumua vizuri ni kazi ya siku nzima. Mimi nilikuwa na dakika. Jasho lilinidondokea kwenye sufi. Nyimbo zilikuwa zimeingia ngazini, zinapanda, na kila mlango uliopigwa huko chini niliusikia kwenye meno. Mkono wa kulia nilifumua. Mkono wa kushoto, pete ya katikati, uzi ulikataa. Nikaacha kisu, nikashika mkasi, nikakata. Nilisikia utepe wenyewe ukikatika, kipande kwa kipande, na sikusimama. Vyote nikavisukuma ndani ya mfuko wa unga mpaka kiwiko.

Nikapachika vifungo vyeusi vya plastiki, viwili tu, vya kutosha kudanganya jicho. Wakapiga mlango.

Walikuwa wanaume watatu na mwanamke mmoja, fulana zao zinafanana. Mwanamke alichukua karatasi yangu, akaisoma taratibu, mbele na nyuma. Wanaume wakatazama chumba. Mmoja, kijana mwenye uso mzuri tu, uso wa mtu ambaye ungempa mtoto amshike, akalifuata koti.

"La nani?"

"Mteja. Mzee wa kanisani." Sauti haikuwa yangu.

Akaushika mkono wa koti. Na hapo nikaona nilichokuwa sijakiona. Miaka yote ile sufi ilikuwa imepauka kwa jua, lakini chini ya pete haikupauka. Mistari mitatu ilibaki mieusi, wazi kama imechorwa. Dhahabu nilikuwa nimeiondoa na cheo kilikuwa bado pale. Kijana akapitisha kidole gumba juu ya mistari, mmoja, wa pili, wa tatu. Sijui alikaa hivyo muda gani. Nilikuwa nahesabu dada zangu wa kanisani kichwani, nani atamchukua binti yangu akitoka shule.

"Kitambaa kizuri," akasema. "Siku moja utanishonea kama hili. Sharp?"

"Sharp," nikasema, yaani sawa.

Mwanamke akanirudishia karatasi akaniambia ikiisha nirudi kwetu. Wakatoka. Mlango wa jirani yangu waliuvunja. Yeye hakuwepo, ila televisheni na magodoro vilishuka ngazi mchana kweupe. Nilikaa sakafuni nimeshika mkono wa koti mpaka binti yangu aliporudi, akitoka shuleni alikozuiliwa na mwalimu wake mpaka fujo zikatulia. Nilimkumbatia akalalamika kwamba namuumiza.

Baadaye nikamwaga unga kwenye beseni, nikautoa utepe. Maji yakimwagika hayazoleki. Pete tano zilikuwa nzima, zinahitaji brashi tu. Ya sita, ile ya katikati ya mkono wa kushoto, ilikuwa vipande vinne. Alhamisi nilizunguka kwenye maduka ya vitambaa mjini, nimejifunika kichwa, naangalia nyuma kila hatua kumi. Utepe wa harusi upo, wa mapazia upo, unang'aa kama karatasi ya pipi. Nikiuweka kando ya ule wa mzee hata kipofu angecheka. Binti yangu aliniambia nimwandikie dada ujumbe nimwambie nimeibiwa. Niliandika. Nikaufuta. Niliandika tena, nikaona dada yangu amesimama barabarani na sanduku lake, nikaufuta tena.

Ijumaa saa mbili kamili nilikuwa mbele ya mzee na koti lisilo na pete mkononi na bahasha yenye utepe na vifungo. Dada yangu alipoliona aliweka mkono mdomoni. Nilimwambia: tafsiri, usiongeze, usipunguze. Nikasimulia yote. Fimbo, ngazi, mkasi. Nikasimulia na ya baba yangu pia, sijui kwa nini, ilitoka tu. Nikamalizia hivi: kosa ni langu, huyu dada hana hatia, ukifukuza nifukuze mimi.

Mzee alilichukua koti akaliweka magotini, akatafuta ile mistari mieusi kwa vidole, kama yule kijana alivyofanya.

"Uliogopa kupigwa?" akauliza.

"Niliogopa kukutwa nalo, papa," nikajibu, maana kwetu Kongo mzee huitwa hivyo.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa vizuri. Akamtuma dada yangu kabatini, alete kopo la biskuti la zamani. Ndani yake kulikuwa na utepe wa dhahabu umeviringishwa kwenye karatasi: kipande kimoja kinene, saizi ile ile ya niliyoikata, na viwili vyembamba, nusu yake. Nilitaka kupiga kigelegele. Tumepona! Nikaunyooshea mkono ule mnene.

"Hapana," mzee akasema. Akasukuma vile vyembamba mbele yangu. "Katikati, weka hii. Mikono yote miwili."

Sikuelewa. Basi akanieleza, taratibu, kidole kikitembea juu ya mkono wa koti. Aliingia jeshini mvulana wa miaka kumi na minane, kutoka mji wa bandari wenye mvua, kwa sababu baba yake aliingia na babu yake pia. Pete ya kwanza aliipata na miaka ishirini na kitu, hajui kitu, anatapika kila bahari ikichafuka. Ya pili ilikuja baada ya miaka ya kazi. Baada ya hapo wakampa ile nyembamba, katikati ya zile mbili, na pamoja nayo meli yake ya kwanza mwenyewe, ndogo, ya doria, huko mashariki kwenye bahari za joto. Alisema hiyo ndiyo miaka aliyokuwa mtu. Ukipanda tena, ile nyembamba inatolewa, mahali pake panawekwa nene. Ndipo nikajua kwa nini chini ya pete ya katikati nilikuwa nimeona matundu ya sindano ya zamani, yaliyokaribiana mno.

"Hii nene," akasema, "nilipewa kwa ajili ya mashua."

Mashua ya mbao, imejaa watu waliokimbia vita vya kwao. Injini imekufa. Walipoiona meli yake walishangilia, wakainua watoto juu, kumwonyesha. Amri ikaja kutoka nchi kavu: wasiingie bandarini. Aliwapa maji, aliwapa biskuti na mablanketi, akawafunga kamba, akawavuta mchana kutwa kuwarudisha bahari kuu. Alikuwa na habari ya hali ya hewa mfukoni. Alijua upepo gani unakuja. Angeweza kusema injini yake mbovu, angeweza kuchelewa, manahodha wengine walichelewa. Akaamuru kamba ikatwe. Hakusikia tena habari za mashua ile, ingawa aliuliza. Mwaka uliofuata jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waliopanda cheo, na kwenye barua waliandika kwamba ana uamuzi mzuri.

Dada yangu alikuwa ameacha kutafsiri zamani, nami nilikuwa nakifuata Kiingereza chake mwenyewe. Alikuwa anautazama ukuta.

"Jumapili nataka kwenda nikiwa mtu wa kabla ya hapo," mzee akasema. "Weka nyembamba."

Niliketi mezani, nikatunga uzi. Sasa nisikilizeni, nimesema mimi ni mwoga, na siku ile nilikuwa naogopa kuliko Jumatano. Jumatano ningepoteza maisha yangu. Pale nilikuwa naweza kumtupa dada yangu barabarani kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kitu ambacho hakinihusu. Mteja amesema. Fundi kazi yake kushona. Lakini hasira ilinipanda kutoka miguuni. Nikausukuma ule mwembamba pembeni, nikachukua mnene, nikauzungusha kwenye mstari wa katikati, nikachoma sindano.

"Nimesema nyembamba!"

Aliitoa ile sauti. Ile ya kwenye meli. Dada yangu aliruka, nami sindano iliniingia kidoleni. Dada akaninong'oneza, "Fanya anavyotaka, nakuomba, kwa jina la Yesu."

"Hapana," nikasema. Nilisema kwa Kiingereza changu kibovu, ili asipite mtu katikati yetu. "Ile ulishavua, papa. Hii ndiyo yako. Jumapili utavaa hii."

Akafungua mdomo. Mimi sikumsubiri, maana nikimsubiri ningenyamaza. Nikamwambia kwamba na sisi tulikuwa kwenye mashua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, tumetoka pwani ya Kongo tunavuka ziwa kwenda Tanzania, watu wamekaa juu ya watu. Asubuhi ikatujia boti ya askari, ina bunduki mbele. Na sisi tuliinua watoto. Mimi sikuwa na mtoto wakati huo, nikainua wa mwanamke aliyekuwa kando yangu, kwa sababu mikono yake ilikuwa imechoka. Nilimshika juu mpaka mabega yakawaka moto. Afisa alisimama anatutazama muda mrefu. Halafu akageuza uso upande mwingine, kama mtu ambaye hajaona kitu, na boti yake ikaondoka, sisi tukavuka.

Nilingoja aniambie nitoke, na dada yangu akakusanye nguo zake. Damu ya kidole nilikuwa naifuta kwenye sketi yangu isiguse dhahabu. Nikaendelea kushona, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono. Nilimaliza robo ya pete, nikamaliza nusu. Mzee hakuwa anaangalia koti tena, alikuwa ananiangalia mimi.

"Yule afisa," akasema mwishowe, na sauti ile haikuwa ya meli tena, ilikuwa ya mzee anayeomba maji. "Walimpandisha cheo?"

"Sijui, papa," nikamjibu, nikavuta uzi.